Kiwakacho, Kiunguacho na Kisichoshika Moto: Historia ya Maneno Matatu ya Hatari

Benjamin Lee Whorf ajulikana na wataalamu wa lugha kwa habari za Wahopi, watu wa asili wa Arizona, ambao lugha yao aliitumia kuonyesha kwamba mazoea ya kusema huelekeza mazoea ya kufikiri. Si wengi wakumbukao kwamba mtu huyu hakula mkate wake kwa kufundisha lugha. Alizaliwa mwaka 1897 katika jimbo la Massachusetts, akahitimu elimu ya uhandisi wa kemia mwaka 1918, na tangu mwaka 1919 mpaka kufa kwake mwaka 1941 alikuwa mtumishi wa Hartford Fire Insurance Company, kampuni ya bima ya moto. Kazi yake ilikuwa kukagua viwanda na kuchambua taarifa za mioto iliyokwisha kutokea, ili sababu zake zijulikane. Elimu ya lugha aliifuata nje ya saa za kazi, na tangu mwaka 1931 aliisoma kwa Edward Sapir katika Chuo Kikuu cha Yale.

Katika makala yaliyochapishwa mwaka 1941, ndani ya kitabu cha kumkumbuka Sapir, Whorf alieleza kwamba mwanzoni alizitazama taarifa hizo kwa macho ya fundi tu. Alitafuta nyaya mbovu, matundu ya hewa yaliyokosekana, na makosa mengine ya namna hiyo. Baadaye akaona kwamba mara nyingine kilichomponza mtu si kitu chenyewe, bali jina la kitu. Mfano wake ulioenea zaidi ni ule wa mapipa ya petroli. Penye mapipa yaliyojaa watu walijihadhari sana. Penye mapipa yaliyoitwa matupu walivuta sigara na kutupa vipande vyake ovyo. Kumbe pipa tupu ndilo la kuogopwa zaidi. Mvuke wa petroli hauwaki mpaka uchanganyike na hewa kwa kadiri maalumu, nayo ni kama sehemu 1 na nusu hadi 7 na nusu katika 100. Ndani ya pipa lililojaa mvuke ni mzito mno na hewa ni haba. Ndani ya pipa lililomiminwa mchanganyiko huo waweza kuwa tayari, ukingoja cheche. Neno “tupu” lilisema kweli juu ya maji ya petroli, likanyamaza juu ya mvuke wake.

Mfano wa pili wastahili kuangaliwa kwa urefu. Palikuwa na kiwanda kilichopasha mbao moto ndani ya matangi ya chuma ili kupata siki kali na spiriti ya mti. Matangi hayo yalifunikwa kwa kitu kilichotengenezwa kwa mawe ya chokaa, nacho kikabaki na jina la jiwe. Kwa kuwa ni jiwe, hakuna aliyefikiri kukilinda na joto jingi wala na ndimi za moto. Siku moja moto uliokuwa chini ya tangi ukaenea mpaka kwenye kifuniko hicho, na watu wakastaajabu kuona jiwe likiwaka kwa nguvu. Sababu yake yaeleweka kwa urahisi ikishaelezwa. Mvuke wa siki ulikuwa umelila lile jiwe siku baada ya siku na kuigeuza sehemu yake kuwa chumvi ya siki na chokaa. Chumvi hiyo ikipata joto hutoa asetoni, na asetoni hushika moto upesi sana. Jina lilibaki lile lile hali kitu kimekwisha kubadilika.

Mifano mingine ya Whorf yafuata njia hiyo hiyo. Dimbwi la maji machafu ya kiwanda cha ngozi lilitoa gesi kutokana na uchafu uliooza ndani yake. Mfanyakazi mmoja alipowasha taa ya moto na kutupa kijiti cha kiberiti katika yale “maji”, gesi ikalipuka chini ya mbao zilizolifunika, na moto ukalifikia jengo. Katika karakana nyingine, vyuma chakavu vilivyoitwa risasi vilirundikwa karibu na tanuri la kuyeyushia. Lakini risasi zile zilitoka katika vifaa vya redio, na katikati ya kila bati la risasi palikuwa na karatasi iliyolowa nta. Nta ikawaka, na nusu ya paa ikateketea.

Wapo waliompinga. Eric Lenneberg, mwaka 1953, alionyesha kwamba Kiingereza hakimzuii mtu kusema “pipa lililojaa mvuke wa hatari”. Aliyetupa sigara hakujua habari za mvuke, na hayo ni makosa ya ujuzi, si ya lugha. Hoja hiyo ina uzito, nayo yatosha kuidhoofisha ile nadharia kubwa iliyojengwa juu ya mapipa machache. Hata hivyo haiondoi jambo dogo ambalo Whorf alilishuhudia kazini: mtu asiye na ujuzi hana kingine cha kushika isipokuwa jina, na jina la kawaida halikubuniwa kwa ajili ya kupima moto. Historia ya maneno ambayo kwayo sheria huvigawa vitu katika vile viwakavyo upesi, vile viunguavyo, na vile visivyoshika moto, ni historia ya watu waliojaribu kutoka katika utumwa wa majina hayo ya kawaida. Hawakufaulu kwa wepesi, na baadhi ya maneno yao mapya yaliwaponza kama yale ya zamani.

Kiingereza kilianza na kosa la kiambishi. Kitu kiwakacho upesi kiliitwa “inflammable”, neno lililotoka katika Kilatini, ambamo “in-” ya mwanzo yamaanisha kuingia ndani ya mwali. Lakini Kiingereza kimerithi kutoka Kilatini “in-” nyingine, iliyo ya kukanusha, nayo ndiyo inayojulikana zaidi. Basi msomaji wa kawaida aliyeliona neno hilo juu ya gari la mafuta aliweza kulisoma kinyume, akadhani limeandikwa kumhakikishia usalama. Katika miaka ya 1920 National Fire Protection Association ya Marekani, chama kilichoanzishwa mwaka 1896, ilianza kuhimiza umbo fupi “flammable”, ambalo lilikuwapo kabla yake lakini lilitumiwa mara chache. Uingereza ilifuata: mwaka 1959 British Standards Institution ilitangaza kwamba umbo hilo fupi ndilo linalopendekezwa, ili utata uondoke. Ni nadra katika historia ya lugha kuona silabi moja ikikatwa kwa makusudi ili watu wasife.

Kulisahihisha neno kulikuwa rahisi kuliko kulipa maana. Katika karne ya 19, mafuta ya taa yalipoenea Ulaya na Marekani, wauzaji wenye tamaa waliyachanganya na nafta, yaani ile sehemu nyepesi ya mafuta ya ardhini ambayo wakati huo ilikuwa rahisi kwa bei. Mafuta yale yalifanana na mafuta mema kwa rangi na kwa jina, na taa zikalipuka juu ya meza za watu. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1862 ilijaribu kutenga mafuta ya hatari kwa kusema ni yale yatoayo mvuke wa kuwaka katika joto lililo chini ya digrii 100 za Fahrenheit. Kwa maneno ilitosha. Kwa vitendo haikutosha, kwani kila mpimaji alipasha mafuta kwa namna yake. Katika kikombe kilicho wazi mvuke hupeperuka, na upepo mdogo wa chumbani waweza kumpa muuza mafuta haki asiyostahili.

Frederick Abel, mwanakemia wa serikali, ndiye aliyetengeneza kikombe chenye kifuniko na kimwali kidogo kishukacho ndani kwa kipimo kilichowekwa. Joto ambalo mvuke humweka uguswapo na kimwali hicho laweza kuitwa hapa “joto la mwali”. Sheria ya mwaka 1879 ikakifanya kikombe cha Abel kuwa hakimu, na mpaka ukawekwa kwenye digrii 73 za Fahrenheit, karibu 23 za Selsiasi. Yafaa kuzingatia kwamba digrii 73 za kikombe kilichofunikwa zilikusudiwa kulingana na 100 za kikombe kilicho wazi. Mafuta hayakubadilika, kilichobadilika ni chombo cha kupimia, na pamoja nacho tarakimu.

Tangu hapo tofauti ya kiwakacho na kiunguacho, kwa upande wa vitu vya majimaji, imekuwa ni mstari uliochorwa juu ya kipimajoto. Marekani iliuchora kwenye digrii 100 za Fahrenheit, karibu 38 za Selsiasi: chenye joto la mwali lililo chini yake kiliitwa kiwakacho upesi, na kilicho juu yake kiliitwa kiunguacho. Petroli, ambayo joto lake la mwali ni karibu digrii 40 chini ya sifuri ya Selsiasi, ilikuwa upande mmoja. Dizeli, yenye joto la mwali la digrii 50 na kitu, ilikuwa upande wa pili. Kisha mwaka 2003 Umoja wa Mataifa ulitoa mfumo mmoja wa majina kwa dunia nzima, na ndani yake majimaji yote yenye joto la mwali lisilozidi digrii 93 za Selsiasi yaliitwa viwakavyo, yakagawanywa katika daraja nne. Sheria za kazi za Marekani zilipoufuata mfumo huo mwaka 2012, dizeli ikalala kiunguacho ikaamka kiwakacho. Atafutaye asili ya tofauti hii ndani ya vitu vyenyewe hataipata. Ipo katika mapatano, na mapatano huwa na tarehe.

Neno la tatu, la kitu kisichoshika moto, lina historia ya majonzi zaidi. Tarehe 30 Desemba 1903 Iroquois Theatre ya Chicago, jumba la michezo lililofunguliwa wiki chache tu kabla, lilijaa watu, wengi wao wanawake na watoto waliokuwa katika likizo ya Krismasi. Jumba hilo lilitangazwa kwamba halidhuriki kwa moto kabisa. Cheche ya taa kali ya umeme ikashika pazia la jukwaani, moto ukaenea katika mapambo ya turubai yaliyopakwa rangi, na pazia la asbesto lililopaswa kushushwa kuwalinda watazamaji likakwama njiani. Milango mingi ilikuwa imefungwa au haikufunguka kwa urahisi. Watu 602 walikufa. Na jengo? Kuta na nguzo zake zilisimama karibu kama zilivyokuwa, na kabla ya mwaka kupita mahali pale palichezwa tena michezo chini ya jina jingine. Tangazo halikusema uongo juu ya mawe na chuma. Lilinyamaza juu ya turubai, viti na mapazia, kama vile neno “tupu” lilivyonyamaza juu ya mvuke.

Jumba la Crystal Palace la London ni ushahidi wa pili. Lilijengwa kwa chuma na kioo kwa maonyesho ya mwaka 1851, likahamishiwa Sydenham mwaka 1854, na kwa miaka 82 watu waliliona kama kitu ambacho moto hauna la kula ndani yake. Lakini sakafu zake zilikuwa za mbao kavu, na usiku wa tarehe 30 Novemba 1936 likateketea. Chuma hakiungui, lakini hulegea: kikifika joto la digrii 550 hivi za Selsiasi, chuma cha pua hubaki na karibu nusu tu ya nguvu zake, na paa lililokitegemea hushuka. Mtu aliyesimama chini ya paa hilo hana faida na habari kwamba kilichomwangukia hakikuwaka.

Kwa ajili hiyo wapimaji waliacha neno la majivuno, lile la “kutodhurika kwa moto”, wakachagua neno la unyenyekevu zaidi, “kisichoungua”, wakalifunga kwenye tanuri. Kipande kidogo cha kitu hutiwa katika tanuri lenye joto la digrii 750 za Selsiasi. Kisipotoa mwali wa kudumu, wala kuliongezea tanuri joto kupita kiasi kilichowekwa, kimepasi. Kipimo hiki chajibu swali moja tu: je, kitu hiki chaongeza chakula cha moto? Hakisemi kama kitapasuka, kitalegea, au kitapitisha joto mpaka chumba cha pili. Tena umbo la kitu lina neno lake. Unga ukiwa guniani ni mgumu kuwaka. Ukitimka hewani kama vumbi hulipuka, kama ulivyolipuka katika kinu kikubwa cha Washburn huko Minneapolis tarehe 2 Mei 1878, wakafa watu 18.

Huenda ikadhaniwa kwamba mambo haya yamekwisha kupita. Tarehe 14 Juni 2017 ghorofa za Grenfell Tower huko London ziliungua, wakafa watu 72. Kuta zake zilikuwa zimevikwa mabamba ambayo jina lake lilianza na aluminiamu, na kweli uso wake na mgongo wake ulikuwa aluminiamu. Lakini moyo wake ulikuwa plastiki ya polithini, nayo huwaka. Mwaka uliofuata Uingereza ilikataza vitu viunguavyo katika kuta za nje za majengo mapya ya kukaa watu yenye kimo cha mita 18 na zaidi. Whorf angaliishi mpaka siku hiyo, angaliyaweka mabamba hayo karibu na risasi zake zenye karatasi ya nta.

Kiswahili, kwa upande wake, kina utajiri wa vitenzi katika jambo hili. Kuwaka ni habari ya mwali na nuru. Kuungua ni habari ya kudhuriwa na joto. Kuteketea ni kuungua mpaka kumalizika. Kushika moto ni mwanzo wa yote. Petroli yawaka, gogo bichi laungua kwa shida, makuti yateketea. Mtu aweza kufikiri kwamba kazi ya istilahi imekwisha kufanywa na wahenga. Lakini kila kitenzi kina mipaka yake mipana. Taa ya umeme yawaka pasipo kitu kuungua, na jua la Machi lawaka. Mkono huungua kwa maji ya moto, wali huungua chunguni, na kiungulia chatokana na kitenzi hicho hicho ingawa hakuna moto tumboni. Chokaa huchomwa: matumbawe hupangwa juu ya magogo na kutiwa moto, na yatokapo yamegeuka, lakini hayakuwaka wala hayakuongeza moto. Ukiyatia maji hutoa joto jingi kiasi cha kuweza kushika mbao zilizo karibu. Nyumba ya mawe ya mwambao nayo husemwa kwamba imeungua, na msemaji hakosei, kwa kuwa dari na sakafu zake zimelazwa juu ya boriti za mikoko.

Hivyo mwandishi wa sheria au wa kibandiko cha hatari hawezi kukichukua kitenzi kama kilivyo. “Kishikacho moto upesi” chafaa zaidi kuliko “kiwakacho” kwa daraja ya kwanza, kwa sababu chataja mwanzo wa moto, ambao ndio upimwao na kikombe cha Abel. “Kiunguacho” chaweza kubaki kwa daraja ya pili, mradi maana yake ifungwe. Kwa ya tatu, “kisichoungua” ni bora kuliko “kisichodhurika kwa moto”, kwa sababu zile zile zilizowafundisha watu wa Chicago. Katika jambo moja Kiswahili kina heri kuliko Kilatini: “-si-” ya kukanusha haina pacha wa kuichanganya.

Umaskini upo katika nomino. Neno “mafuta” limebeba mafuta ya nazi, mafuta ya kujipaka, mafuta ya taa, dizeli na petroli. Mafuta ya nazi hayatoi mvuke wa kuwaka mpaka yapite digrii 200 za Selsiasi. Petroli hutoa wakati wote, mahali popote pa Afrika, na mvuke wake, ulio mzito kuliko hewa, hutambaa chini pasipo kuonekana. Tarehe 31 Januari 2009 huko Sachang'wan nchini Kenya, tarehe 2 Julai 2010 huko Sange katika Kivu ya Kusini, na tarehe 10 Agosti 2019 huko Msamvu, Morogoro, gari la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika na ndoo na madumu kuchota, na moto ukawakuta hapo. Sachang'wan walikufa watu zaidi ya 100, Sange zaidi ya 200, Morogoro wapatao 100. Huko Sange walikuwamo wasiochota kitu, waliokuwa vibandani wakitazama mpira.

Ingekuwa dharau kusema kwamba neno ndilo lililowaua. Walioleta ndoo walijua bei ya lita moja, na umaskini ulikuwa na sauti kubwa kuliko kibandiko chochote. Lakini sehemu hizo tatu zote ni za wasemao Kiswahili, na katika zote kilichomwagika kiliitwa kwa jina la kitu ambacho kila nyumba imekizoea. Mafuta ya taa yamekaa karibu na jiko kwa vizazi kadhaa. Aliyewahi kuyamwaga sakafuni, akayapangusa pasipo kupata dhara, amejifunza jambo ambalo ni kweli kwa mafuta ya taa na si kweli kwa petroli. Onyo likisema “mafuta” peke yake, humkumbusha mambo hayo aliyoyazoea. Likisema “petroli”, na kuutaja mvuke wake, lasema jambo jingine.

Pipa la Whorf nalo limefika mitaani. Mafundi wa Afrika Mashariki hununua mapipa yaliyokwisha kutumika, huyakata na kuyakunjua, wakafanya majiko, milango na masanduku. Muuzaji huyaita matupu. Fundi mwangalifu hulijaza pipa maji kwanza, au huliosha mara nyingi na kulianika wazi, ndipo alikate, naye aghalabu hukata kwa patasi na nyundo badala ya moto.